Mpira wa Mtu Mmoja

Kwa miaka mingi mimi nilisimama juu ya kipande cha mpira, na mke wangu akasimama kwenye saruji tupu. Tulikuwa kwenye meza moja ya kazi, hatua tatu tu kati yetu.

Mimi ni seremala. Volkano ilipolipuka wakati watoto wetu wakiwa wadogo, lava ilimeza atelie yangu, karakana ya useremala, pamoja na mbao zote. Ilipopoa tulijenga upya juu yake, kama majirani wote, nyumba mbele na atelie nyuma. Tulivunja mawe kwa nyundo, tukasawazisha kwa kokoto, tukamwaga tabaka jembamba la saruji. Sakafu ya namna hiyo haina huruma. Udongo huukubali mguu kidogo, lakini saruji iliyolala juu ya lava haikubali hata kidogo. Kazi ya randa ilikuwa yangu, upande wa jiliwa. Mke wangu alisimama mwisho wa pili wa meza, akipiga msasa na kupaka vernisi ya kung'arishia mbao. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Kuna wateja waliotambua milango yetu kwa kuipapasa tu.

Visigino vikaanza kuniuma. Asubuhi nilishuka kitandani kama mtu anayekanyaga misumari. Nilijaribu kutandika makatoni, yakanyonya unyevu na kuoza. Nikajaza vumbi la mbao kwenye gunia. Mguu ulizama, magoti yakachoka zaidi, na kila skrubu iliyoanguka ilipotelea humo. Kipande cha tairi kilikuwa kimepinda, kikanikwaza mara mbili. Mwishowe mzee mmoja aliyekuwa na mashine ya kusaga kokoto aliniuzia kipande cha mkanda wa mashine hiyo, mpira mnene wenye nyuzi ndani, usioteleza. Nilisimama juu yake kutwa nzima, na jioni nikaenda kunawa bila kuchechemea.

Kipande kilikuwa kirefu. Ningekikata katikati, kila mmoja wetu angepata pa kusimama. Kisu nilikuwa nacho mkononi. Nilimwuliza mke wangu kama naye anataka, lakini nilimwuliza nikiwa nimeshakitandaza chote upande wangu.

“Uache tu, Papa,” alisema. “Miye nilisha zoea.”

Nilifurahi aliposema hivyo. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Baadaye waasi waliingia mjini. Watu hawakuagiza milango tena, waliagiza masanduku ya kuzikia. Mimi nilipiga misumari, yeye akapiga msasa, maana hakukubali mtu azikwe kwenye mbao zenye vibanzi. Siku ya tatu au ya nne nilimwona akiinua mguu mmoja, kisha mwingine, kama kuku kwenye baridi. Nilimwona vizuri. Nikamwambia afanye haraka, kuna familia inangoja nje.

Miaka ikapita, volkano ikalipuka tena. Safari hii lava ilisimama kabla ya kutufikia, lakini ardhi iliendelea kutetemeka, na siku chache baadaye, asubuhi, tukaamriwa kuuhama mji. Watoto walikuwa wameshakwenda kuanza maisha yao mbali, kwa hiyo tulikuwa wawili. Nilipakia chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili: godoro, sufuria, misumeno, randa, na juu kabisa ule mpira nikiwa nimeuviringisha na kuufunga kamba. Mimi nikasukuma, mke wangu akafuata kwa miguu. Barabara ya kwenda Sake, mji mdogo wa jirani, ilikuwa imejaa watu hadi ukingoni.

Tulipopita Mugunga, pembezoni mwa mji, niligeuka nikakuta hayupo. Nilirudi nyuma, nikamkuta ameketi kando ya barabara, amevua viatu. Miguu ilikuwa imevimba hata vifundo havionekani, na mishipa imesimama kama kamba. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, na sikuwa nimewahi kuitazama miguu hiyo.

“Inakuuma toka lini?”

“Toka ile mwaka ya masanduku.”

“Na juu ya nini hukuniambia?”

“Ulikuwa unaniona, Papa.” Hakusema kwa hasira. Akaitazama chukudu. “Sasa utabeba nini? Miye ao ule mpira?”

Niliufungua mpira nikauacha pale kwenye mawe. Mke wangu akaketi juu ya godoro, nikamsukuma hadi Sake. Njiani akina mama walinisifu. “Muone mwanaume mwenye kupenda bibi yake,” alisema mmoja, na wenzake wakaitikia. Nikasukuma nikiwa nimeinamisha kichwa, ili watu wadhani ni uzito.

Tuliporudi mjini, daktari alituambia mishipa haitarudi ilivyokuwa. Asisimame sana, na akisimama, asisimame pagumu. Wiki ileile nilimpeleka mtaa wa Ndosho, kwa watu wanaokata kandambili kutoka kwenye mashiti makubwa ya sponji. Nilibonyeza shiti moja baada ya jingine kwa kidole gumba, nikachagua lililo laini kuliko yote. Nilitaka apate kilicho bora.

“Hii ndiyo,” nilisema.

Alivua viatu, akasimama juu yake. Muuzaji akangoja. “Hapana. Inanizamisha. Ni kama lile gunia lako la vumbi.” Akahamia kwenye shiti gumu zaidi, akasimama muda mrefu, akihamisha uzito huku na huku. “Hii. Na juu tuweke mpira mwembamba, sababu vernisi itakula hii sponji. Na ukate pembeni kwa mteremko, nisijikwae.”

Nikamwomba msamaha palepale, mbele ya muuzaji, vibaya na kwa haraka. Alikuwa anavaa viatu. “Tununue ya watu wawili,” alijibu.

Nilikata vipande viwili vilivyolingana. Akiwa juu ya chake anaweza kusimama saa moja, kisha huketi. Maumivu hayajaisha.

Waasi walipouchukua mji tena, masanduku yaliagizwa tena. Nilimsihi abaki nyumbani, akaja atelie na msasa wake. Kila baada ya muda niliacha randa nikamwuliza habari ya miguu, hadi alipochoka.

“Muzee, uache kuniuliza,” alisema. “Nikichoka nitakaa. Ufanye kazi, watu wanangoja.”

Nikashika randa. Sikumwuliza tena siku hiyo, lakini nilihesabu kimyakimya mara alizoketi. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyotaka kujua.