Mapaja Yasiyotetemeka

Reli ilikuwa bado haijafika Dodoma, na barua za boma zilikwenda Kilimatinde kwa miguu ya kaka yangu. Alikuwa tarishi. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule ya Wadachi, yaani Wajerumani, huko pwani, nimepewa ukarani bomani, na muda mwingi niliumaliza kwa kuwaza.

Kila tarishi alipofika bomani, askari mkuu alimshika mapaja. Yakitetemeka, alipumzishwa na mfuko wa barua akapewa tarishi mwingine. Yakitulia, aligeuzwa kesho yake, arudi njiani na mfuko. Mwanzoni kaka alirudi akitetemeka kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Baada ya misimu kadhaa ya kukimbia, mapaja yake yalikuwa magumu kama mchi. Nyumbani walijivunia. Mimi nikaanza kuangalia mafua yake.

Kila baada ya safari ndefu alishikwa na kitu: koo, vidonda vya midomo, homa. Sisi tuliolala nyumba moja naye na kula chungu kimoja hatukuugua hivyo. Nilijiuliza kama nguvu zilizokwenda miguuni zilikuwa zimeng'olewa mahali pengine mwilini. Kisha nikajiuliza kama si wivu tu.

Kiangazi kimoja alifika anakohoa. Askari akainama, akamshika.

"Chuma! Kesho alfajiri unageuka."

"Afande, mshike na kifua," nikasema.

"Kwani karani, anakimbia kwa kifua?"

Wakacheka. Kaka alicheka kuliko wote, mpaka kicheko kikawa kikohozi.

Njiani kurudi nyumbani nilimsihi. "Kaka, kesho tetemesha miguu. Kidogo tu, upumzike."

"Nitetemeke mbele ya wale? Mdogo wangu, shule imekulegeza."

Alfajiri mama alimpa uji wa uwele, akamsugua samli miguuni kama kawaida. Kifua hakukigusa. Kaka akaondoka, njuga zake za miguuni zikilia kwa mwendo uleule, bila kukosea, hadi zilipopotea upande wa Zuzu.

Majibu ya barua yaliletwa na tarishi wa Kilimatinde, mtu nisiyemjua. Nilimuuliza kaka yuko wapi hata kabla hajautua mfuko.

"Alifika bila kupunguza mwendo," akasema, akihema. "Usiku homa ikamwangusha. Hatambui mtu sasa, ila miguu haitulii kitandani. Inakimbia."

Askari akainama, akamshika mapaja yule mgeni. Yalitetemeka.

"Huyu apumzike," akasema.