Saa Nzima Akimfundisha Jirani

Hebu mwone kwanza anavyoingia: mama wa makamo, mkoba begani, vitabu kifuani, anasukuma mlango wa ukumbi wa mihadhara kwa kiwiko. Wanafunzi wanamwita Mama Wastani, kwa kuwa anafundisha takwimu. Zamani jina hilo lilimchekesha. Siku hizi halimchekeshi wala halimuudhi.

Asubuhi hiyo alikuwa anakaguliwa na mhadhiri mwenzake wa ofisi ya pili, ambaye idara nzima humwita Jirani. Miaka yote walikaguana kirafiki: huyu anakaa nyuma, anasinzia kidogo, anaandika "vizuri sana", zamu ikigeuka, naye anaandikiwa vivyo hivyo. Kisha chai. Safari hii mkuu wa idara alikuwa amebadilisha mambo. Mkaguzi akae katikati ya wanafunzi, na lazima ataje jambo moja la kurekebisha. Likiwa dogo, hakuna neno. Likiwa kubwa, cheo kinaahirishwa. Na Mama Wastani alikuwa ameshakikosa cheo cha mhadhiri mwandamizi mara mbili.

Somo likaenda kama maji. Hakukosea popote.

Walipobaki wawili, Jirani alisifu mwandiko, akasifu sauti, akazunguka mbuyu mpaka akachoka mwenyewe.

"Sema tu, kaka," mama akamwambia.

"Dada, saa nzima umenifundisha mimi. Nimehama kiti, macho yako yakahama nami. Wale watoto wamekaa kama wako msibani kwa mtu wasiyemjua."

"Wewe ulielewa lakini?"

"Mimi hayo nayafundisha, dada."

Mama alijipapasa moyoni akitafuta panapouma, kama aliyetoka kung'olewa jino, shavu bado limekufa ganzi. Hakupaona. Akajaribu kukumbuka ni lini alimtazama mwanafunzi usoni, akangoja uso ule uelewe. Hapo napo hakupata kitu. Akaanza kufuta ubao.

"Basi nikuandikie hili," Jirani akauliza taratibu, "au niandike uongeze ukubwa wa herufi, upate cheo chako?"

"Andika unavyoona."

"Hilo si jibu."

Mama alijua si jibu. Akachukua mkoba, akaaga kwa adabu kama kawaida, akatoka. Na kwenye korido wanafunzi wakampisha, naye akapita katikati yao bila kuona hata mmoja.

Jirani akabaki pale kwenye viti vya wanafunzi. Anampenda dada yule, na kesho asubuhi ukumbi huohuo utajaa tena.

Ungekuwa wewe, ungeandika lipi?