Alama ya Kambi

Ramani ile niliichora kwa mkono wangu, kwa hiyo sitafuti mchawi. Ninafundisha jiografia hapa Sumbawanga, na kikundi kimoja cha kupokea wageni kiliniomba nichore ramani ya vyakula vya Ufipa: mgeni ataonja nini, wapi, na kwa nani. Nilivimba kichwa. Likizo nzima nilikuwa juu ya pikipiki, kutoka Matai hadi Mwazye, nikichungulia majiko ya watu.

Kwa Wafipa wenzangu nilijua pa kuuliza. Ugali wa ulezi, maharage, dagaa waliopandishwa kutoka Kasanga. Kila kaya niliichorea kinyumba chenye paa. Kwa Wasukuma, waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, nilichora pembetatu. Kwenye ufunguo wa ramani nikaandika: kinyumba ni makazi, pembetatu ni kambi. Sikufikiri hata dakika moja. Ndivyo tulivyotumwa tangu utotoni: "Nenda kambini kwa Wasukuma ukanunue maziwa." Msukuma anaweza kujenga kwa matofali, akaezeka bati na kuoza mabinti papo hapo, bado kwake tutapaita kambini.

Katika kijiji nilichozaliwa, ambako kaka yangu bado analima, kulikuwa na mama mmoja wa Kisukuma, mjane, mwenye nyumba ya namna hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata maziwa?"

"Hapana, nimefuata chakula."

Alicheka sana. Akaniandalia matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, pamoja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nilikula hadi nikafungua mkanda. Akanisimulia jinsi yeye na marehemu mumewe walivyopewa eneo lile na wazee wa kijiji, kwa mdomo tu, kabla kaka yangu hajaoa. Nilipomfungulia karatasi aliuliza, "Mimi niko wapi hapa?" Nikaweka kidole chake juu ya pembetatu. Alifurahi, akaita wajukuu waje waone. Hakujua kusoma, na mimi sikumsomea ufunguo.

Ramani ilisifiwa. Viongozi wa kijiji waliomba nakala, kwa sababu walikuwa wanapanga matumizi ya ardhi na vijana walikuwa wanalilia mashamba. Siku ya mkutano niliketishwa mbele. Mwenyekiti aligonga pembetatu kwa kalamu.

"Hawa, mtaalamu wetu mwenyewe kaandika ni kambi. Kambi haina shamba, kambi inahama. Mwalimu, ramani hii ni yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Ahsante, mwalimu."

Wakapiga makofi. Ningeweza kusimama nikasema kwamba nimeketi barazani kwa yule mama, na kwamba pale ni kwake. Sikusimama. Kaka yangu alikuwa mstari wa pili, naye ana watoto sita na shamba lililochoka, na alikuwa ananitazama. Nilijichukia palepale, nikiwa nimekaa.

Wasukuma waliambiwa wavune, kisha wahame. Nilikwenda siku walipokuwa wanaezua bati. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kwa shukrani. Yule mama hakunitukana. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye marundo mawili ya mawe: mumewe, na mtoto wao wa kwanza.

"Hawa hawatembei, mwanangu. Wewe ndiye unayejua kuchora. Wachore, wasije wakalimwa."

Niliwachora palepale, kwa misalaba miwili midogo, nikaipeleka karatasi ofisi ya kijiji. Nikajibiwa kwamba ramani imeshapitishwa na haibadilishwi.

Kile kipande alipewa kaka yangu. Nilimpigia simu nikamweleza yalipo makaburi. Akasema hajaona makaburi, ameona mawe, na ameyasogeza pembeni kwa sababu yalikuwa yanamharibia jembe. Alipanda ulezi. Ulikubali kuliko wa jirani yeyote, na kwa kuwa kwetu mavuno ya kwanza ya shamba jipya hugawiwa ndugu, akaniletea debe moja nyumbani. Mke wangu alisonga ugali. Niliwaza kukataa, lakini ningewaambia nini watoto? Nikanawa mikono, nikala nikashiba.