Barabara Iliyofungwa ya Bi Ramani

Mteja akiingia na kusema anatafuta pa kupumzika, Bi Ramani hamuulizi anapenda nini. Humwuliza magoti yake yakoje. Halafu humwuliza kama yeye na mwenzake hugombana wakiwa na njaa. Watu hucheka, lakini hujibu.

"Mwenye magoti mabovu nikimpandisha mlimani atautukana mlima," aliniambia siku ya kwanza. "Na wanaogombana kwa njaa nawaweka karibu na jiko."

Jina hilo la utani alilipata kwa ramani iliyojaza ukuta mzima nyuma ya meza yake, pale kwenye ofisi ya wakala wa safari. Aliichora mwenyewe: pwani ndefu, na milima iliyoisogelea bahari hadi barabara mahali pengine haina pa kuweka mguu. Kila hoteli ilikuwa na pini yake. Nimeingia ofisi za namna hii katika miji mingi na kwa lugha kadhaa, na sikumbuki nyingine ambayo karani wake alijua ni ufukwe upi upepo hutia mchanga kwenye chai, na ni hoteli ipi jogoo wake hana adabu ya saa.

Nikamwonyesha kijiji kilichokuwa juu kabisa, kikiitazama bahari. Barabara yake ilibandikwa ukanda mwekundu wa karatasi.

"Na huku?"

"Kumefungwa. Mlima uliporomoka." Hakuinua macho. "Nikuandikie ufukweni?"

Kesho yake sokoni nikakuta lori likipakuliwa kabichi. Dereva akasema anatoka kijiji kilekile.

"Si barabara imefungwa?"

Akawageukia wapakuzi. "Msikieni mgeni! Kwa hiyo mimi na kabichi zangu tumeshuka kwa mwavuli kutoka angani?"

Mlima uliporomoka kweli, akasema, miaka minne iliyopita. Udongo uliondolewa mwezi uleule. Nikapanda naye.

Nyumba ya wageni kule juu ilikuwa na vyumba vitatu na ngazi za mawe zisizokwisha. Mwenyewe alikuwa mwanamke aliyepita miaka hamsini, amevaa koti la kiume linalomfika magotini, mikono ya koti ameikunja mara mbili. Hata sijatua mkoba akaniuliza, "Mdogo wangu ndiye kakutuma?"

"Mdogo wako yupi?"

"Yule wa ramani, kule mjini. Nimemlea mimi, tangu wazazi wetu walipotutoka. Nilimbeba mgongoni, nikamsomesha. Sasa ndiye anayewachagulia watu pa kwenda."

Nikasema ndiyo, ndiye aliyenituma. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu vitanda vyote vitatu vilikuwa vimetandikwa.

"Nilijua tu! Wageni wameadimika miaka hii, lakini yule anahangaika kwa ajili yangu. Najua."

Kabla jua halijatoka mlango wangu uligongwa kana kwamba nyumba inaungua. "Amka, mgeni! Amka, bahari imefunguka!" Nilitoka nikitukana, kwa bahati kwa lugha asiyoijua. Ukungu ulikuwa umepasuka katikati, na chini yetu bahari ilikuwa imelala wazi mpaka ukingo wa dunia. Hufunguka hivyo nusu saa tu, kisha ukungu hurudi. Yeye hakuitazama. Alinitazama mimi usoni, aone kama nimefurahi.

Wakati wa chai akasema tutashuka pamoja, akamshukuru mdogo wake. Tangu afungue vyumba hajawahi kukanyaga ile ofisi, asije mgeni akakuta mlango umefungwa. "Leo sina wasiwasi. Mgeni mwenyewe ninaondoka naye."

Nilipaswa kumzuia. Nilikumbuka ule ukanda mwekundu, nikajiambia hayanihusu. Tulishuka kwa lami isiyo na shimo hata moja, yeye na kikapu cha mayai mapajani, akinisimulia jinsi mdogo wake alivyokuwa akichora chini kwa kijiti.

Ofisini tulikuta mume na mke wamesimama mbele ya ramani. Bi Ramani aliliona koti kabla ya kuuona uso. Kalamu ikamtoka mkononi.

"Na huku juu je?" mume akauliza, kidole kwenye kijiji.

Dada mkubwa aliweka kikapu chini, akausogelea ukuta, akaufuata ukanda kwa kidole kama mtu anayesoma barua. Kisha akageuka, na uso wake ukapata nafuu.

"Ulisahau kuutoa, mdogo wangu. Na kazi zako zilivyo nyingi."

Dada alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea. Ilibaki kupita tu, na moyoni nilikuwa namwomba apite.

"Sikusahau, dada."

Akaeleza palepale, mbele yetu sote, macho yamebaki mezani. Kundi la kwanza la wageni aliowapeleka kule juu walirudi wakicheka. Mmoja alijifunga shali kama koti, akagonga meza hii hii: amkeni, bahari imefunguka! Wakamwuliza kama anamfahamu kichekesho yule.

"Nikasema simfahamu. Halafu nikasimama nikawaonyesha wanavyopaswa kukuiga. Maana walikuwa wanakosea. Mkono unavyoukunja, sauti unavyoipandisha. Nilikuigiza vizuri kuliko wao, dada. Walicheka mpaka wakatokwa na machozi, na mimi nikacheka nao."

Wiki mbili baadaye mlima uliporomoka, akabandika ukanda. Barabara ilipofunguliwa aliuacha. "Sikutaka tena mtu aende huko, akurudishe hapa mezani kama kichekesho."

Mke wa mteja akajishughulisha na zipu ya mkoba wake. Mimi nilitazama viatu vyangu; vilikuwa bado na tope la ua wa yule mama. Nilikuwa nimekunywa chai yake, nikamdanganya, kisha nikamleta mwenyewe asikie haya.

Dada mkubwa akawaambia wale wawili, "Samahani wanangu, nipisheni kidogo," akakaa kwenye kiti cha mteja.

"Haya. Nihudumie."

"Dada, tafadhali..."

"Nataka kupumzika. Miaka yote nawaamsha watu waione bahari, na maji yake sijayagusa tangu ukiwa mgongoni kwangu. Wewe si ndiye unayechagua? Nichagulie."

Bi Ramani alijifuta uso kwa kiganja. Mdomo wake ukatoa swali lile uliolizoea:

"Magoti yako yakoje?"

"Kaziulize zile ngazi. Nataka wiki nzima. Na nyumba haifungwi, utapanda wewe." Akavua koti, akaliweka mezani kati yao. Bila koti alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. "Alfajiri kuna baridi. Na mgeni ugonge mlango wake kwelikweli, usigonge kama mwizi."

Mume akakohoa, akauliza kwa sauti ya chini kama kule juu kuna nafasi.

Bi Ramani alimtazama dada yake. Dada yake alitazama pembeni, hakumsaidia. Basi akainuka, akatia ukucha chini ya ukanda. Gundi ya miaka minne ilikuwa imeshika. Karatasi ilibanduka na rangi ya barabara, ikaacha mchirizi mweupe mlimani kote.

"Ipo," akasema. "Ila kwenye nyumba ile wageni huamshwa alfajiri."

"Na nani?" mke akauliza.

"Na dada yangu. Ndiye huyu." Akalichukua koti. "Wiki hii, na mimi."

Dada mkubwa hakugeuka. Alikuwa ameinama karibu na ramani, upande wa chini, akisoma majina ya fukwe moja moja.