Propela ya Kuvusha Maziwa

Niliondoka Mweiga kwa sababu mashua yetu ilikuwa ikitoa moshi mwingi kuliko mwendo. Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Chama chetu cha wakulima kilikuwa kimenunua shamba la mzungu, tukakuta ndani yake bwawa, na kando ya bwawa mashua ya bati yenye injini isiyo na propela, lile panga linalozunguka na kusukuma maji. Wanawake wa ng'ambo walilizunguka bwawa hilo kila asubuhi na mitungi ya maziwa mgongoni, wakiwahi lori barabarani. Mimi, mwenyekiti, nilisimama mkutanoni nikatangaza kwamba taabu hiyo imekwisha. Nikaenda Nyeri nikanunua propela yenye namba kubwa kuliko zote dukani.

Ikiwa tupu, mashua iliruka. Ikiwa na mitungi na wenye mitungi, ilinguruma palepale kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Lori likaondoka, maziwa yakaganda. Siku ya pili vivyo hivyo. Ndipo mke wangu Wangari alipoingia kwenye kikao cha kamati na mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wetu huupitisha kwenye paji la uso wakibeba mizigo.

"Mwenyekiti," akasema, "mashua yako inakunywa maziwa yetu. Ijumaa ikishindwa tena utabeba wewe. Na kichwa yako, hivi."

Kwetu hakuna mwanamume aliyewahi kuonekana na mukwa. Kamati ilikubali haraka kuliko ilivyowahi kukubali jambo lolote. Niliogopa, sitaficha.

Jumatano asubuhi nilifika Nyeri na propela kwenye gunia. Mwenye duka aliitazama akasema haina kosa. "Mimi nilikuuliza utabeba nini, ukasema ati ni maziwa tu. Nikakupatia ya mbio." Akanielekeza kwa fundi wa maboti, chini ya Embu, mahali serikali ilipokuwa ikijenga bwawa la umeme.

Karatina nilisimama kununua ndizi. Mama muuzaji alichungulia guniani, akataka kujua niko na feni ya nani. Nikamwambia ni ya mashua. Akatazama milima pande zote, akanionea huruma, akaniongezea ndizi moja.

Baada ya Embu barabara huteremka na joto hupanda. Jioni nilimkuta fundi Bakari, mtu wa Lamu, mnene, mwenye kujisifu, ameketi juu ya boti iliyopinduliwa. Alinipa chai ya rangi kabla ya kuniuliza shida yangu.

"Hii ni tisa kwa kumi na mbili," akasema akiigeuza propela. "Tisa ni upana wa duara lake. Kumi na mbili ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, lau maji yangekuwa magumu kama ubao na propela ingekuwa skrubu."

"Si ikisonga zaidi ndiyo nzuri?"

"Ni nzuri ukiwa mtupu, bwana. Ukiwa na mzigo ni kupanda mlima kwa gia ya nne. Tena huko kwenu juu hewa nyepesi, injini yapumua kwa taabu. Mzigo wenu una uzito gani?"

"Ni mwepesi," nikasema. "Unabebwa na wanawake."

Fundi Bakari aliweka kikombe chini. Akajaza maji mtungi uliokuwa pale, mkubwa kama yetu, akaniomba niunyanyue. Niliufikisha magotini.

"Na mkeo huuchukua mpaka wapi?"

"Anazunguka bwawa," nikasema, na nikaona haya.

Hakunicheka, ingawa ningependelea anicheke. Aliingia bandani akatoka na propela ya injini kama yetu, tisa kwa nane. "Hii haina mbio, lakini yasukuma." Ile yetu akabaki nayo kwa boti ya maofisa wa bwawa la umeme, ambao hawabebi kitu.

Alhamisi nilirudi kwa njia ileile. Ijumaa alfajiri tulifunga propela, mitungi ikapangwa, wanawake wakapanda. Injini iliimba vizuri. Mashua ilikwenda taratibu mpaka upande wa barabara, na lori lilikuwa bado halijafika. Nilifurahi hadi nikasahau kutoa hotuba.

Niliyojifunza safarini ni machache: propela haichaguliwi dukani, huchaguliwa mzigoni. Kutoka majini hadi barabarani kulikuwa na kilima kidogo. Nilimwomba Wangari mukwa, nibebe mtungi wake. Alinifunga, akaniambia nisiinamishe shingo.

Juu nilimkuta karani wa lori, lililokuwa limefika punde tu. "Pole, mwenyekiti," akasema. "Kwa hivyo mashua imeshindwa."

"Imefika," nikasema.

"Sasa hiyo mukwa ni ya nini?"

Nilikuwa bado nikihema. Wangari, aliyenifuata nyuma, alijibu kwa niaba yangu.

"Mwache," akasema. "Anachagua propela."