Behewa la Gadi la Ami Nasor

Harufu ya gundi hainikumbushi skuli kama wenzangu, maana skuli yenyewe sikukaa. Mimi inanikumbusha adhuhuri za Ibra, joto la kukaanga mtu, milango imefungwa, wakubwa wote wamelala, maji ya falaj, mfereji wa mashamba, yanapita nyuma ya ukuta, na kule chumba cha mwisho Ami Nasor, ndugu yake baba, anakata behewa kwa kipande cha msumeno wa chuma. Krr, krr, krr. Wallahi hata leo nikimsikia fundi wa madirisha anakata chuma, vinyweleo vinanisimama, halafu nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sisi tulitoka Tabora. Baba alikuwa na duka, na Ami Nasor alikuwa gadi wa treni, yule mwenye bendera anayekaa behewa la mwisho kabisa. Tukaja huku Ibra, Omani, mimi meno ya mbele yameng'oka, Kiarabu sijui, watoto wa jirani wananiita Swahiliya na kunikimbia. Umeme haujafika mtaani kwetu, na treni hakuna hata mmoja aliyepata kuiona. Sasa mwana wa Ami, Hilali, alibaki nyuma auze nyumba kisha atufuate. Hakuja. Barua hazikuja. Waliotoka huko baada yetu ukiwauliza wanatazama chini. Mmoja tu alisema kasikia kijana kashikwa na homa kali njiani, basi, akaomba maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo Ami akanyamaza. Jamaa yetu aliyekuwa akifanya kazi Kuwait akamletea treni ya kuchezea, ya kutia ufunguo, ndani ya boksi, na mabehewa yake vipande vipande, uyaunge mwenyewe. Ami akatandika reli juu ya mkeka, ikizunguka mtungi wa maji. Kichwa akakikubali kama kilivyo, na mabehewa ya mizigo pia. La gadi akalikataa. "Ya mizigo yanatangatanga, Zuwena," akaniambia, na yalikuwa maneno yake ya mwanzo tangu siku nyingi. "Leo reli hii, kesho ile. La gadi lina kwao. Ukiliona hilo unajua treni ya nani." Lile la boksini lilikuwa la Wazungu, fupi, halina kibaraza. Basi akachukua mawili, akayakata, akaunga kichwa cha hili na kiuno cha lile. Bati la kopo la maziwa likawa paa. Njiti za ukuti zikawa vyuma vya kushikia kwenye kibaraza. Ubavuni akatoboa kidirisha cha gadi kuchungulia, na mkiani akagandisha ushanga mwekundu wa mama uwe taa. Alikosea, akabomoa, akaanza tena, sijui mara ngapi, na kila likikataa anasema, "Hili si la kwetu." Mpaka siku moja akalipaka rangi ya damu ya mzee, akalitua mkekani, akavuta pumzi. Hata mimi mtoto nilijua. Hilo lilikuwa la Tabora.

"Chungulia uniambie benchi limekaa sawa," akasema. "Macho yangu haya, mama, yameshaniaga."

Nikalala kifudifudi, nikafumba jicho moja. Benchi la kijiti cha kibiriti nililiona. Na juu yake mtu kalala, kaelekea ukutani, kajifunika blanketi la kijivu.

"Ami, umemlaza nani humu?"

Mkono wake ukasimama hewani. "Sijaweka mtu."

Nikatazama tena. Blanketi lilikuwa likipanda na kushuka.

Sasa nyinyi mtasema kivuli, na mama alisema hivyo hivyo, mpaka alipochungulia mwenyewe. Aliinuka akatoka nje anasoma Ayatul Kursi, na alichokiona hakukisema mpaka anaingia kaburini. Baba alichungulia akaona benchi tupu. Lakini kila adhuhuri, nyumba ikishalala, Ami ananiita kwa kidole. "Yupo?" Nasema yupo. "Anapumua?" Anapumua. Hapo ndipo anavuta sahani yake ya wali anakula. Nisipochungulia, hali.

Baba akachoka. Alitaka Hilali asomewe khitma, watu waje, wapewe kahawa, roho ya kijana ipumzike na ya mzee nayo. Akanishika sikio. "We Zuwena, unamchezea ami yako?" Nikalia, nikasema naapa. Akamgeukia nduguye. "Nasor, Ijumaa naita watu." Ami hata kichwa hakuinua. "Anayepumua hasomewi khitma." Baba akampa muda kidogo, kwa heshima, maana Ami ndiye mkubwa. Na mimi nikajua, udogo wangu wote ule, kwamba Hilali ananing'inia kwenye jicho langu. Siku nikisema hayupo, wanamzika.

Na siku ikaja. Nikachungulia, hayupo. Nilikaa pale shavu chini mpaka mkeka ukanichora usoni, naogopa kuinuka. Baba alikuwa mlangoni anasikiliza.

"Hayupo, Ami," nikasema.

"Basi, Nasor," baba akasema taratibu. "Kubali, ndugu yangu."

Ami akaniuliza, "Na blanketi?"

"Limekunjwa. Liko juu ya benchi."

Akamtazama baba, akatabasamu. "Maiti hakunji blanketi."

Hilali aliingia baridi imeanza, juu ya lori la mbao kutoka Maskati, mwembamba kama fimbo. Mama alianguka. Ami akamwambia, "Umechelewa," halafu akamsogezea sahani yake ya wali. Tukala. Hilali akasimulia kwamba homa ilimwangusha kwenye stesheni ndogo porini, na bwana wa stesheni akamlaza ndani ya behewa la gadi bovu lililotolewa njiani, akawa anamletea uji. "Homa si kitu," akasema. "Kilichonitesa ni adhuhuri. Dirisha linaingia giza, natazama, jicho. Jicho moja, limejaza dirisha zima. Nikawa nalala nimeelekea ukutani nisilione. Mwisho nikasema, huyu ananingojea nife, bora niondoke kwa miguu yangu."

Mama akamwongezea wali. "Kula, mwanangu. Homa hiyo."

Leo mjukuu wangu akienda Ras al Hadd ananiletea picha ya samaki kabla hajamla. Mwengine akitoka Nizwa namwona kwenye simu, kidoa cha buluu kinatambaa barabarani, na mama yake anamgombeza kwa nini kasimama Birkat al Mauz. Raha, sikatai. Zamani mtu akiondoka alikuwa hayupo kweli, na kumtafuta ilikuwa kazi. Watoto hawa wanaona kila kitu na hawaogopi kuona.

Hilali sasa mzee, yuko Sur, wajukuu tele. Behewa liko kwenye kabati langu la vioo, sebuleni. Akija kula kwangu, kabla hajakaa, anafungua kabati analigeuza, kidirisha kielekee ukutani. Akishaondoka mimi naligeuza tena. Hajaniuliza, wala sijamwambia. Namwekea wali, tunazungumza habari za watoto.