Abiria Wangu wa Magogoni

Wallahi, bado naona haya. Leseni yangu ni ya mwanagenzi, na mwanagenzi haruhusiwi kubeba abiria. Lakini mama mmoja wa buibui aliponisimamisha Magogoni, nilijifanya nafuta vumbi, nikaibandua ile L nyekundu ya kujifunzia nyuma ya pikipiki yangu, nikaitia mfukoni.

"Kona ile ina mchanga, mwanangu," akanionya njiani.

"Tulia, mama! Kazi hii naijua tangu utotoni."

Akanielekeza hadi uwanja wa kufundishia pikipiki. Vijana wote waliokuwa wakijifunza wakainuka, wakamwamkia: "Shikamoo, mwalimu!"

Akakunja buibui, akapanda pikipiki yangu, akaipitisha baina ya mapipa ya mazoezi polepole kama uzi tunduni mwa sindano, mguu haugusi chini.

Akarudi, akanyoosha kiganja. "Haya, ilete L yako tuirudishe mahali pake."